Kikao cha Mawigi

Inatangazwa kwa wote watakaosoma, leo na karne zijazo, kwamba Kamati ya Nidhamu iliketi Ijumaa saa nne asubuhi, katika maabara ya kompyuta, kuokoa heshima ya shule. Kwa usahihi zaidi, iliketi kumtafuta aliyeleta mawigi.

Jana yake Mwalimu Mkuu alisimama mbele ya wageni wa bodi, akaandika anwani ya tovuti mpya ya shule kwa kidole kimoja, akabonyeza. Ukutani yakajitokeza mawigi. Marefu, mafupi, ya kike, ya kiume, na juu yake maneno makubwa: "Upara si mwisho wa safari." Wageni waliutazama ukuta. Kisha, bila kukusudia, wakakitazama kichwa cha Mwalimu Mkuu, ambacho hung'aa kuliko hata projekta.

Kikaoni walikuwepo Mwalimu Mkuu na Mwalimu wa Kompyuta. Alikuwepo mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Redio, kwa kuwa hazimiki, na mama yake, fundi cherehani, aliyefika na futi ya kupimia bado shingoni. Kiranja wa maabara, kijana mtulivu mwenye mwandiko safi, alipewa kazi ya kuandika kumbukumbu.

"Mama," Mwalimu Mkuu alianza, "mwanao anarudi nyumbani leo, wiki mbili. Barua iko tayari, imebaki sahihi yangu."

"Si mtihani unaanza Jumatatu?"

"Ndiyo."

"Basi huo ni mwaka mzima, Mwalimu! Atarudia darasa!" Alimgeukia mwanawe. "Wewe mtoto, ni wewe?"

"Mama, si mimi. Ningekuwa mimi, bweni zima lingejua kabla ya chai."

"Hilo kweli," mama alisema. "Huyu alipovunja sahani yangu, aliniambia kabla haijafika chini."

Mwalimu Mkuu alieleza kwamba Jumatano jioni Redio alionekana maabara, peke yake, akirudia zoezi. Nani mwingine?

Macho ya mama yalihamia ukutani, ambako mawigi yalikuwa bado yameachwa kama ushahidi.

"Samahani, Mwalimu," alisema taratibu, "lakini lile la tatu lingekukaa."

"Hilo lisiandikwe," Mwalimu Mkuu alimwambia kiranja.

Limeandikwa.

Mwalimu wa Kompyuta aliomba nafasi. Alifungua kwenye kompyuta dirisha jeusi lisilo na picha wala rangi, akaandika neno moja fupi, dig, na mbele yake anwani ya shule.

"Kompyuta haijui majina, inajua namba," alisema. "Kwa hiyo kuna seva ya majina. Ni kama karani wa mapokezi: unamtajia mtu, anakuambia yuko chumba namba ngapi. Amri hii inamuuliza karani uso kwa uso. Huyu wa nje ya shule anajibu hivi." Namba ilitokea. "Sasa namuuliza wa kwetu." Alionyesha sanduku lenye vumbi lililokuwa likiunguruma chini ya dirisha. Ikatokea namba nyingine kabisa.

"Wa kwetu anadanganya," Mwalimu Mkuu alisema.

"Wa kwetu amefundishwa kudanganya. Namba hii ni ya duka la mawigi."

"Na wenye nywila ya kumfundisha ni wanafunzi wako. Huyu akiwemo." Mwalimu Mkuu alichukua kalamu, akaivuta barua karibu. Redio, kwa mara ya kwanza tangu aandikishwe shuleni, alinyamaza.

"Dakika moja tu, Mkuu. Nimuulize karani swali moja la mwisho." Vidole vilikimbia. "Daftari lake lina namba ya marekebisho. Unaandika mwaka, mwezi, tarehe, halafu marekebisho ya ngapi siku hiyo. Ona: tarehe ya Jumatano. Mwisho wake, sifuri na mbili: marekebisho ya pili."

"Kwani hiyo inaandikwa na mashine?"

"Inaandikwa na mtu, kwa mkono wake. Kila kipindi nawaimbia: ukigusa chochote, badilisha na namba hii. Nani anasikia?" Alimtazama Redio. "Wewe umewahi kuibadilisha?"

"Mimi? Mwalimu, si umenirudisha mara nne kwa sababu hiyohiyo? Hata juzi nilisahau!"

"Ulisahau. Zoezi lako nimeliona asubuhi hii. Bure kabisa."

Mama yake Redio alipumua kana kwamba amesikia mwanawe amekuwa wa kwanza darasani.

Kalamu ya Mwalimu Mkuu ilikuwa imesimama hewani. "Kwa hiyo huyu mhuni ni mtu wa utaratibu."

"Utaratibu wa kutisha. Amefanya uhuni, akausajili. Akaona kasoro, akarekebisha, akasajili tena. Nina wanafunzi thelathini na mmoja, na anayeikumbuka namba hii ni mmoja tu. Muhula mzima namsifu mbele ya wenzake."

"Nani?"

Mwalimu wa Kompyuta alizunguka meza polepole, akainama, akaanza kuzisoma kumbukumbu hizi juu ya bega langu.

Ni mimi, Mwalimu Mkuu. Mwache Redio afanye mtihani. Kwenye hiyo barua badilisha jina tu.