Hekalu Lisilo na Madirisha

Katika mtaa mmoja wa waumini, kila nyumba ilifuata ramani ya hekalu. Waumini wakiibadilisha ramani, kuta za nyumba zao zilijigeuza zenyewe saa ileile.

Mchana mmoja Sekela alikuwa akinyonyesha alipoona dirisha la chumbani likijifumba polepole, kama kidonda kinachopona. Akajua wasiotaka madirisha hekaluni wameshinda. Alichomeka mwiko ulizuie, lakini ukuta ukauvunja.

Mumewe, Ambilikile, akaingia kutoka mkutano wa hekaluni, akitokwa jasho.

“Baba Tusa, na wewe uliwaunga mkono?”

“Wamesema mwanga wa nje unatupotosha. Wote waliinua mikono, Mama Tusa. Ningebaki peke yangu?”

“Mtoto atapumuaje?”

“Si mlango upo?”

“Kwani mkutano umekwisha?”

Ambilikile akatazama chini. “Wamepumzika tu. Wakirudi wanajadili mlango.”

Sekela akambeba mtoto, akatoka mbio bila viatu. Alipofika uani akageuka. “Toka, mume wangu!”

“Nikitoka watajua siko pamoja nao,” Ambilikile akajibu akiwa ndani.

Sekela alikuwa akirudi kumvuta mkono, mara kutoka hekaluni ikasikika sauti ya umati ikisema, “Amina.”