Kampeni ya Rajabu wa Kwezuwa

Rajabu alibonyeza honi mpaka kuku waliokuwa kando ya geti wakatawanyika.

"Shikamoo, Mzee Rajabu," alisema Kristian, mlinzi, bila kugusa mti wa kizuizi. "Gari linabaki hapa."

"Marahaba. Nyumba yangu ni ile pale yenye bati la kijani. Unaiona?"

"Naiona, mzee. Nzuri sana. Gari linabaki hapa."

Ndivyo ulivyokuwa utaratibu wa Kwezuwa, mji mpya uliopimwa mlimani, njia ya kwenda Kwai. Magari ya watu binafsi yaliachwa kwenye uwanja wa getini. Wagonjwa na mizigo mizito walipandishwa na bajaji ya umeme ya mji. Wengine wote, miguu. Rajabu aliambiwa hayo siku aliyonunua kiwanja, akacheka tu. Alidhani ni maneno ya maofisa, yatapoa yenyewe.

Hayakupoa. Na gari lile jeupe halikuwa gari hivihivi. Rajabu alikuwa ameshusha kabichi na peasi za Lushoto mpaka masoko ya Tanga na Dar tangu ujanani, amekaa juu ya magunia kwenye malori ya watu, mvua yake, jua lake. Gari lilikuwa zawadi aliyojipa mwenyewe. Sasa lilikuwa linalala nje ya mji kama mgeni asiyekaribishwa.

"Katazo hili nitaliondoa," alimwambia mkewe Shamsa alipofika nyumbani, anahema, viatu vimejaa vumbi jekundu. "Wallahi gari langu litalala barazani kwangu."

"Kunywa maji kwanza," alisema Shamsa.

Kampeni ilianza kesho yake. Rajabu alipita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba alikaribishwa. Kwa Sefania, fundi seremala, alikunywa chai ya tangawizi akalalamika mpaka birika likakauka. Kwa Modesta alipewa kiti kwenye kivuli cha miparachichi, akalalamika huku anamenya njegere pamoja naye. Alikuwa ameishi Lushoto mjini miaka mingi bila kujua jina la jirani wa pili. Hapa, kabla mwezi haujaandama, alijua nani anaumwa mgongo, nani ana mtoto shule ya Kifungilo, na nani anapika makande yasiyo na mfano.

"Onga mshi, Mzee Rajabu!" watu walimsalimu kwa Kishambaa kutoka vibarazani. "Leo hupiti?"

"Napita! Kwani katazo limeondoka?"

Jioni alimfundisha mjukuu wake, Sabra, kuendesha baiskeli katikati ya barabara. Alikimbia nyuma yake ameshika tandiko, na kila alipopishana na mtu alipaza sauti, "Mnaona? Barabara pana namna hii, tupu! Hasara gani hii!" Sabra akaanguka, akacheka, akapanda tena. Barabara ilikuwa tupu kweli.

Shamsa naye alizoea kumfuata mumewe mpaka getini asubuhi na kumpokea alasiri. Walipanda mlima polepole, yeye kashika kikapu upande huu, Rajabu upande ule.

"Zamani ulikuwa unanipa mboga kupitia dirisha la gari," Shamsa alisema siku moja. "Injini inanguruma, huyo umeondoka."

"Nilikuwa na haraka."

"Gari likiingia utakuwa na haraka tena?"

Rajabu aligeuka kutazama mawingu yaliyokuwa yanajikusanya juu ya msitu. "Mvua hiyo," alisema.

Hatimaye watu wengi walimuunga mkono, kiasi kwamba Mwalimu Beatha, mwenyekiti wa kamati ya wakazi, aliitisha kura. Emanueli, mwenye pikapu, na aliyekuwa mkono wa kulia wa Rajabu katika kampeni yote, alimhakikishia ushindi. "Kila niliyemuuliza ameniambia yuko na wewe, kaka. Kaoshe gari."

Rajabu akaliosha. Asubuhi ya kura lilimetameta pale getini, pua imeelekea mjini.

Ukumbini alihutubia kama mtu anayegombea ubunge. "Gari ni langu! Jasho ni langu! Mlango ni wangu! Kwa nini vitu vyangu vitatu visikutane?" Watu walicheka, wakapiga makofi, wengine wakapiga vigelegele. Modesta alisimama kabisa. Emanueli alipiga mluzi wa vidole.

Kura ilikuwa ya siri. Nyuma ya pazia la kanga yaliwekwa makopo mawili ya maziwa, moja la kubakiza katazo, moja la kuliondoa. Kila mtu alipewa punje moja ya maharage mlangoni. Rajabu aliingia wa kwanza. Punje ikasikika ikigonga kopo, ko! Akatoka kifua mbele, akampa mkono kila aliyekuwa kwenye foleni. Wakafuata Shamsa, Emanueli, Sefania, Modesta, na wakazi wengine wote, ko, ko, ko, mpaka wa mwisho.

Mwalimu Beatha alibeba makopo mpaka mezani. "Tunaanza na la kuondoa katazo," alisema.

Emanueli alimfinya Rajabu bega.

Mwalimu akaligeuza kopo juu chini. Akalitikisa. Akaligonga kitakoni, halafu akachungulia ndani kwa jicho moja.

"Hamna hata punje," alisema.

Watu wote wakageuka kumtazama Rajabu, na Rajabu akawa anatazama dari.