Sauti Kamili ya Bi Sabra

“Huyu si mke wangu,” alisema Mzee Mwinjuma. Akavua hedifoni na kuziweka mezani taratibu, kama mtu anayerudisha chai iliyopoa. “Huyu ni mtu anayemwigiza mke wangu akiwa ndani ya debe.”

Joyce, mwenye studio, alishusha pumzi. Alikuwa ametengeneza nyimbo za nusu ya vijana wa Morogoro mjini, na hakuna aliyewahi kumrudishia kazi mara tatu.

“Mzee wangu, hii ni MP3 ya kawaida. Hakuna anayesikia tofauti.”

“Hapa mjini, labda. Wa kwangu kule Mlali wanasikia.”

Mzee Mwinjuma hakuwa mtu wa kudanganywa kwa maneno ya kitaalamu. Alianzia ngumbaru, akapanda hadi kidato cha nne kwa masomo ya jioni, na hadi leo jambo lisiloeleweka humkosesha usingizi. Kwa hiyo alikwisha kusoma kwamba MP3 hupunguza uzito wa faili kwa kutupa vipande vya sauti, na vya kwanza kutupwa ni vile vyembamba vya juu. Na huko juu ndiko mkewe, Bi Sabra, alikokaa.

“Ile ya kwanza ulinitumia kwa WhatsApp, ikabanwa tena njiani,” alisema. “Nikawapigia. Wakakaa kitako, wakasikiliza mpaka mwisho. Mmoja akajikuna. Kisha wakaendelea kula.”

“Na ya pili? Ile niliyoinyoosha sauti, nikaweka na kingoma?”

“Hiyo waliipenda.”

“Sasa mzee, waliipenda halafu unalalamika?”

“Kesho yake walileta na watoto.”

Joyce alicheka peke yake. Mzee hakucheka. Binti yake, Maimuna, alikuwa amejifungua huko Turiani, mtoto sasa anakaa, na bibi yake hajamshika hata siku moja. Bi Sabra hawezi kuondoka Mlali msimu ukishika, maana hakuna mwingine mwenye koo la kazi ile. Mwaka jana Mzee Mwinjuma alijaribu kushika nafasi yake. Walimtazama, wakatazamana, basi.

“Ukiniletea sauti yangu nzima, nakwenda kwa mjukuu wangu,” mkewe alikuwa amemwambia. “Ukiniletea nusu, nabaki. Lakini ujue utajipikia.”

“Fungua kazi ya mwanzo, mwanangu,” Mzee Mwinjuma alisema. “Toa kingoma. Toa na huko kunyoosha. Mke wangu hajawahi kunyooshwa na mtu.”

Joyce akafungua. Sauti ya Bi Sabra ikajaa chumbani kama ilivyotoka siku ile ya kurekodi. Joyce, mtu wa Mbeya, hakuambulia neno hata moja la Kiluguru kilichokuwamo, lakini vinyweleo vilimsimama.

“Hii ngoma yenu ni ya namna gani? Mbona haina kiitikio?”

“Kiitikio watatoa wenyewe.”

“Haya. Nakutolea WAV, biti ishirini na nne, kiwango kilekile tulichorekodia. Hakuna kitakachopotea.”

“Na usiipandishe sauti mpaka ikwaruze. Iachie nafasi huko juu.”

“Mzee, wewe ungefungua studio yako. Ila faili litakuwa zito.”

“Na mwenyewe si mwepesi. Wala usinitumie kwa simu, flashi nimekuja nayo.”

Ijumaa asubuhi Bi Sabra alisimama kando ya njia na begi lake, kitenge kipya kiunoni. Mwenye pikipiki alikwisha kuwasha, yeye akakataa kupanda.

“Kwanza nisikie,” alisema. “Nisije nikafika Turiani nikaitwa nirudi.”

“Utasikia,” alisema Mzee Mwinjuma. “Wewe nyamaza tu, usije ukaniharibia jaribio.”

“Mimi huyo, nimenyamaza.”

Wasikilizaji walikuwa wamekwisha kufika, wakubwa mbele, wadogo nyuma, wengi kuliko jana, na kila mmoja na chakula mkononi. Mzee Mwinjuma aliweka spika juu ya jiwe, akachomeka flashi, akabonyeza.

Sauti ikatoka nzima, na makali yake yote. Kundi zima la nyani likatupa chini mahindi ya shamba la Mzee na kutimua mbio kuelekea mlimani, watoto wakining’inia migongoni mwa mama zao. Na Mzee Mwinjuma, ambaye alijua fika kwamba mkewe yuko nyuma yake na hajafungua kinywa, akajikuta ameshika jembe na analima.