Macho Juu, Babu

"Juu ya tangi la maji, Babu! Kushoto kidogo!" muuguzi alinong'ona, akiomba moyoni mzee asigeuke nyuma.

Mzee Saa aliinua darubini yake, viganja vyake vipana vikiikumbatia mpaka mbele, kama mtu anayekinga jua. Nyuma yake mwokaji mikate alichomoka kundini, akaruka uzio na kupiga magoti kwenye magugu.

Asubuhi majirani walikuwa wameondoka kundi zima, wakizunguka bustani za mtaa kuwatazama ndege wahamiaji ambao msimu huu hupita wakikimbia baridi. Sasa kundi lilikuwa limeyeyuka nusu.

Mzee alitengeneza saa za mtaa mzima kabla magoti hayajamgomea. Kipande chake cha bustani, kazi ya mikono ya marehemu mkewe, kilikuwa kimemezwa na magugu, na leo mwenyekiti wa bustani alikuwa anapita kukagua. Kipande kisichopaliliwa hupewa mtu mwingine. Na msaada? Mzee hataki hata kuusikia. Juzi mwokaji alipojitolea, alitimuliwa kwa mkongojo.

"Siku nitakayopaliliwa na watu, mnizike siku hiyohiyo!"

Ndipo muuguzi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alipobuni matembezi haya. Mwanzoni ndege walikuwa wa kweli. Walipokwisha, akaanza kuwatunga.

"Umemwona, Babu?"

"Nimemwona! Kifua chekundu kama kaa la moto."

Muuguzi alijiuma mdomo asicheke. Juu ya tangi hapakuwa na hata nzi.

"Mbona wenzetu wanapungua?" mzee aliuliza.

"Wamechoka, Babu. Si unawajua vijana wa leo."

"Legelege wakubwa." Akazidi kukipa mgongo kipande chake. "Hebu nitafutie mwingine upande huu, mjukuu wangu. Mimi sina haraka."

Akamtafutia. Mbayuwayu, mwewe, korongo wa hewani tu. Kila ndege aliondoka na mtu, na huko nyuma magugu yalilala marundo marundo. Dhamiri ilimsuta muuguzi: kumchezea shere mzee anayemwamini hivi! Lakini akajipa moyo. Kuna uongo ambao hata malaika huufumbia jicho.

Mwenyekiti alipofika, miwani puani, matuta yalikuwa yamenyooka na mchicha unapumua. Wapaliliaji walisimama kando, mikono mifukoni, magoti yametapakaa tope, wote wakiyakodolea macho mawingu kama watakatifu.

"Safi sana, mzee," alisema mwenyekiti. "Kipande ni chako. Umepalilia lini?"

Mzee Saa aliyatazama matuta ya mkewe, tuta baada ya tuta.

"Mimi? Mimi tangu asubuhi niko na ndege. Muulize mjukuu wangu."

Mwenyekiti alicheka, akaenda zake. Mzee akavua mkanda wa darubini shingoni.

"Nishikie, mama. Shingo inaniuma kwa kutazama juu."

Muuguzi aliipokea, akaigeuza. Mbele, lenzi zote mbili zilikuwa na vifuniko vyake, vimezungushiwa utepe mweusi wa gundi, kazi nadhifu ya fundi asiyetaka kimoja kimdondoke njiani.