Kikuku cha Marehemu

Siku hizi kila mtoto mwenye mzio mkali wa chakula hupangiwa jamaa mmoja wa kumbebea mapigo ya moyo. Mtoto akichomwa sindano ya adrenalini, koo lake hufunguka na moyo wake hubaki mtulivu. Unaokwenda mbio ni moyo wa jamaa aliyevaa kikuku kinachomuunganisha na mtoto.

Mbebaji wa mjukuu wangu Salhina alikuwa mume wangu, Makame. Alipofariki, ofisi inayopanga wabebaji iliniandikia mara mbili nikabadilishe jina. Sikwenda, sikutaka jina lake lifutwe. Kikuku chake nilikitundika kwenye msumari juu ya kitanda.

Jana, katika hitima ya arobaini, jirani alileta kashata za karanga. Salhina akaonja moja. Midomo ikamvimba, pumzi zikawa zinatoka kwa mluzi. Nilimchoma sindano pajani, kisha nikalaza sikio kifuani pake. Moyo wake ulikwenda polepole, kama wa mtoto aliyelala.

"Bibi," alisema sauti ilipomrudia, "nani anabisha chumbani kwako?"

"Hakuna mtu. Tulia."

"Yupo. Anabisha harakaharaka."

Niliingia chumbani. Kikuku kilikuwa kikidunda ukutani. Nilikikumbatia mpaka kikanyamaza, nikalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Leo asubuhi mama yake Salhina aliniuliza, "Mama, zile kashata umezitupa?"

"Nimezitupa," nilimjibu.

Zimo kabatini, rafu ya chini, mahali ambapo mkono wa Salhina unafika.