Pole ya Nungunungu

Zamani kikohozi kikali kilimshika Ngedere, na wanyama wote wakaenda kumpa pole. Walimkumbatia, wakanywa uji kwa kata yake, wakarudi makwao wakikohoa. Nungunungu peke yake alitoa pole akiwa nje ya ua.

"Huna utu wewe!" Ngiri akamfokea, huku akikohoa.

"Nina miiba, ndugu yangu."

Haukupita muda, kijiji kizima kikawa hoi kitandani. Mzima alibaki Nungunungu, akapika uji na kuacha chungu kila mlangoni mpaka wote wakapona.

Ngiri akatoka mbio kumshukuru. "Mkombozi wetu! Njoo nikukumbatie!"

Akamkumbatia kweli, akaruka nyuma akipiga yowe.

"Pole, ndugu yangu," akasema Nungunungu, safari hii kwa karibu.