Mama wa Kipindi cha Kwanza

"Lazima afe, mama! Asipokufa, hadithi haisogei."

"Afe kwa ugonjwa gani?" Mama aliendelea kukunja sare yake ya ukunga. "Nimemwona jana huyo mwanamke wa katuni yako. Kakohoa mara mbili kwenye leso, kwisha. Hakupimwa damu, hakupigwa picha ya kifua. Hata jirani hakuitwa."

"Si katuni. Anime."

"Haya, anime. Huko kwenye anime hakuna zahanati?"

Binti alitazama saa. Tisa na nusu. Wageni wangefika saa kumi, na mkoba wa mama ulikuwa bado mtupu juu ya kochi.

Ugomvi ulianza asubuhi. Binti, muuza miwani wa miaka ishirini na sita, alikuwa na ukurasa mtandaoni, Tafakuri za Shabiki. Kila Ijumaa aliandika humo juu ya anime, katuni za Kijapani: mhusika gani kaumbwa vizuri, yupi kaharibiwa na mwandishi wake, kisa kipi kimerefushwa kama mchuzi uliozidishwa maji. Leo viongozi sita wa chama cha mashabiki walikuwa wanakuja kumwona nyumbani. Wakiridhika naye, angekuwa mhariri wa jarida lao. Aliomba jambo moja tu: mama aende kwa mama mdogo, arudi jioni.

Mama naye alitaka jambo moja: kubaki.

"Nyumba yangu, sebule yangu, vikombe vyangu. Nifukuzwe kama kuku wa jirani?"

"Hufukuzwi, mama yangu. Maneno yetu yatakuchosha tu."

"Mimi nina swali kwao. Mwezi huu nimezalisha wanawake thelathini na wanne. Wote wametoka kwa miguu yao, wakilalamikia chakula cha wodi. Hao wachoraji wenu mkunga wao nani, kila mama anamfia?"

Binti alicheka bila kutaka. Kisha akaeleza taratibu, kwa sauti ile ya kuuzia miwani. Shujaa hawezi kuondoka nyumbani mama akiwepo. Mama atamuuliza amekula nini, amebeba sweta, atarudi saa ngapi. Kwa maswali hayo, nani ataiokoa dunia? Ndiyo maana waandishi humwondoa mapema.

"Na dalili zinajulikana. Ukimwona mama kafunga nywele, kazilaza upande mmoja begani, usimzoee. Huyo hamalizi kipindi cha kwanza."

Mama aligusa misuko yake, iliyofungwa kisogoni. "Na akishakufa?"

"Anapendeza. Kila akikumbukwa anatabasamu. Mtoto anabaki na kidonda, na mwenye kidonda husikilizwa."

"Mwenye kidonda hufungwa bandeji." Mama alirusha kanga mkobani. "Na wewe hao wasomaji umewapataje? Mwaka jana walikuwa thelathini, na kumi na mmoja kati yao ni ndugu zetu."

"Niliandika makala moja kutoka moyoni. 'Kiti Kitupu Mezani.' Wakafika elfu kumi na moja."

"Mbona mimi hujanisomea?"

"Ni ndefu, mama. Na miwani yako imechakaa."

"Muuza miwani ni wewe."

Binti alikuwa akipanga vikombe mezani, vikombe saba. Mama alihesabu: sita vya wageni, cha saba cha binti. Alipoinua macho ukutani, aliona msumari mtupu.

"Picha yangu ya kuhitimu ukunga iko wapi?"

"Nimempa mtu wa chama. Ana fundi wake wa fremu. Kioo kilikuwa na ufa."

"Ufa huo mimi sikuuona."

"Miwani, mama."

Mama aliguna. "Na hao wageni, watakuja na mapanga ya plastiki na nywele za bluu kama wale wa kwenye simu yako?"

"Leo watavaa nyeusi tu."

"Wote sita? Ni wahusika wa hadithi gani?"

"Ya huzuni. Mkoba, mama, tafadhali!"

Machozi yalikuwa yameanza kumlenga. Mama alimtazama. Mtoto huyu alilia hivyo mara ya mwisho alipokosa kazi benki. Kama chama cha watu wazima wanaoombolezea michoro ndicho kitamwona wa maana, basi na kimwone. Akafunga zipu ya mkoba.

"Nitampikia mama yako mdogo, nirudi. Ila ukiwa mhariri, hakikisha japo mama mmoja anapona."

Kengele ya mlango ililia. Dakika kumi kabla ya wakati.

"Wamewahi!" Binti alishika kichwa. "Pita mlango wa nyuma, mama, nakuomba. Wasikuone." Akakimbilia chumbani kubadilisha nguo. Gauni lake lilikuwa limetundikwa mlangoni tayari, jeusi, limepigwa pasi.

Mama alielekea jikoni na mkoba wake. Alipolipita dirisha la sebule, alisogeza pazia kwa kidole.

Vijana sita walisimama kwa mstari, kimya kama wodi baada ya saa ya kutazama wagonjwa. Hakukuwa na panga wala nywele za bluu. Mmoja alishika shada la maua meupe. Msichana wa mbele alikumbatia fremu kubwa kifuani, kioo chake kipya kabisa.

Mama aliitazama ile fremu. Akautazama msumari.

Kisha akaweka mkoba chini. Akafungua misuko yake kisogoni, akaikusanya yote upande mmoja, akaifunga, akailaza juu ya bega la kushoto. Akaenda mlango wa mbele, akaufungua wote.

"Shikamoo, ma—" alianza msichana wa mbele, akaishia hapo.

"Marahaba," alisema mama. "Karibuni ndani. Marehemu ndiye mimi."